Uso Unavuta, Unachonyota, Krimu Imekatika: Kutafuta Kosa Kwenye Kisafishaji cha Uso cha Nyumbani

Julai ikifika Mwanza mvua zimeshakatika, upepo wa ziwani unavuma tangu alfajiri, na kina mama wa kikoba chetu wanaanza kunijia na vichupa. Ndani ya kila kichupa kuna kitu cha kuoshea uso ambacho mtu amejitengenezea jikoni kwake: krimu, mafuta, unga wa oti, asali iliyochanganywa na hiki na kile. Wengi tuko rika moja, miaka 50 na kupanda, na malalamiko yanaanza kwa maneno yaleyale: "Hii ilikuwa inanifaa, sasa sijui imepatwa na nini."

Mara nyingi kichupa kiko vilevile, ngozi ndiyo imebadilika. Hedhi ikishakoma, tezi za mafuta za usoni hupunguza kazi. Ngozi inakuwa nyembamba. Tabaka lake la juu linafanana na ukuta: seli zilizokufa ndizo tofali, mafuta ya asili ya ngozi ndiyo udongo unaozishika, na ukuta huo ndio unaozuia maji ya mwili yasitoke. Umri ukienda, ukuta ukibomoka unachukua muda mrefu kujijenga upya. Binti wa miaka 20 akiosha uso kwa sabuni ya kipande, mafuta aliyoyapoteza asubuhi yamerudi kabla ya jioni. Mama wa miaka 60 akifanya hivyo, analala na ukavu na kuamka nao. Kwa hiyo mtu akiniuliza aongeze nini kwenye kichupa chake, mimi namuuliza kwanza kile kichupa kinamwondolea nini.

Ninachunguza kwa mfuatano mmoja: namna ya kuosha, kisha maji, kisha kilichomo kwenye chupa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na ukipe siku 3 au 4. Anayebadilisha mafuta, maji na kitaulo siku moja hatajua kamwe ni kipi kilichomponya au kumuumiza.

Krimu ninayolinganishia nyingine

Ili kujua kosa liko wapi inabidi uwe na kitu cha kulinganishia. Yangu ni hii, kwa gramu 100: maji yaliyochemshwa yakapoa gramu 71, gliserini 5, mafuta ya alizeti yaliyosafishwa 16, nta ya emalsifaya (ile inayounganisha maji na mafuta) 6, alkoholi ya setili 1, na kihifadhi (kinachozuia krimu isioze) chenye fenoksiethanoli 1. Haina manukato, haina rangi, haitoi povu. Alkoholi ya setili isikutishe kwa jina. Ni vipande vyeupe kama nta, inalainisha na kuifanya krimu iwe nzito, wala haina uhusiano na spiriti inayokausha.

Vyote vinapimwa kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kijiko hakifai. Kijiko cha mafuta na kijiko cha nta havina uzito sawa, na robo ya matatizo ninayoletewa yangekwisha kama watu wangenunua mizani kabla ya kununua mafuta ya bei.

Kuhusu maji: usitumie maji ya betri ya gari kwa kudhani ni maji safi tu. Kwenye maduka ya vipuri chupa ya maji na chupa ya asidi ya betri hukaa rafu moja na hufanana. Maji ya chupa ya kunywa, ukayachemsha na kuyapoza yakiwa yamefunikwa, yanatosha. Maji mabichi ya ziwa usiyatie kwenye krimu, na pia usiyatumie kunawia uso pale ufukweni, kwa sababu kichocho huingia kwa kupenya ngozi.

"Nikimaliza kuosha, uso unavuta"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo watu hulitibu vibaya. Uso ukivuta ndani ya dakika tano baada ya kufuta maji, umeondoa zaidi ya uchafu.

Anza na jaribio la maji matupu. Usiku mmoja osha uso kwa maji ya uvuguvugu peke yake, bila kitu chochote, ufute kwa kugandamiza kitaulo na usisugue. Ukivuta hata hapo, kichupa chako hakina hatia, tafuta kosa kwenye maji na mkono. Usipovuta, fanya jaribio la nusu uso: kwa usiku 3, upande wa kushoto tumia kisafishaji chako, upande wa kulia maji tu. Tofauti ya mashavu mawili itakuambia kuliko mtu yeyote.

Kosa la mkono la kwanza ni joto. Asubuhi za baridi mtu anachemsha maji ya kuoga, na uso anauosha kwa ndoo ileile. Maji ya moto yanalegeza mafuta ya ngozi na sabuni inayabeba. Chovya kiwiko kwenye maji kama unavyopima ya mtoto mchanga: usihisi moto wala baridi.

La pili ni muda. Kuna mama alikuwa anasugua krimu yangu hii hii usoni kwa dakika tano akiamini inaingia ndani. Kisafishaji hakiingii, kinashika uchafu kiondoke nao. Nusu dakika inatosha. La tatu ni idadi: ngozi kavu ya utu uzima ioshwe kwa kisafishaji mara moja, usiku. Asubuhi maji ya uvuguvugu yanatosha, kwa sababu ulichopaka jana usiku bado kinakulinda.

Nafahamu kuna ambao hawawezi kuridhika na hilo. Anayefanya kazi ya dagaa Mwaloni kule Kirumba, au anayekaanga na kubanika samaki, anarudi na moshi, vumbi na harufu, naye anaona bila sabuni ya kipande mara tatu hajawa safi. Masizi na moshi vinashikana na mafuta, kwa hiyo mafuta ndiyo yanayovitoa. Pakaa mafuta ya alizeti kwenye uso mkavu, kabla ya maji, uzungushe vidole taratibu, ufute kwa kitaulo chenye uvuguvugu, ndipo uoshe kwa krimu. Nimeona mashavu yaliyokuwa na magamba meupe yakitulia ndani ya wiki mbili kwa badiliko hilo tu.

Sasa kilichomo. Sabuni yoyote iliyopikwa kwa kostiki soda, hata ikiwa na asali, maziwa ya mbuzi na mafuta ya ziada, ina pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni kinyume chake) ya 9 hadi 10. Uso wenye afya uko karibu na 5. Mafuta ya ziada yanapunguza ukali lakini hayaishushi pH. Wapo waliojaribu kuishusha kwa kutia ndimu kwenye sabuni ya maji ya kostiki, wakaona imekatika kama maziwa yaliyoharibika. Lazima ikatike: asidi inaivunja sabuni kuwa asidi za mafuta, na hapo hakuna sabuni tena. Kwa ngozi iliyokwisha kukauka, sabuni ya kostiki ibaki mikononi na mwilini, usoni weka krimu au mafuta.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni sabuni ya maji ya kufundishwa mtaani, ile ya salfoniki na slesi (kemikali za kutoa povu) na chumvi, inayotiwa rangi ya pinki na kuitwa ya uso. Ule mchanganyiko ni wa vyombo na sakafu. Haujawa wa uso kwa sababu umetiwa gliserini vijiko viwili.

Udongo na liwa (unga wa mti wa kunukia) navyo vinavuta uso, hasa ukivisubiri vikauke hadi vipasuke. Mwenye kupenda liwa, na wengi waliotoka pwani hawaiachi, aichanganye na mtindi au mafuta kidogo na aiondoe ikiwa bado mbichi.

"Unachonyota"

Uliza unachonyota lini na wapi, maana majibu mawili hayo yanatosha kukupeleka karibu na kosa.

Ukichonyota kando ya pua na pembe za mdomo tu, pale ngozi ina nyufa tayari. Hata maji yatachonyota. Simamisha kila kitu kwa siku tatu nne, paka mafuta ya petroli jeli sehemu hizo usiku, kisha urudi kwenye krimu yako. Ukichonyota uso mzima mara tu unapopaka, shuku pH au kiungo kikali. Ukikaa salama siku ya kwanza, halafu siku ya pili au ya tatu ukaona michirizi ya moto, malengelenge au weusi, shuku ndimu.

Ndimu na limau naomba nizizungumzie kirefu kidogo. Juisi yake ina pH ya karibu 2, hilo peke yake linatosha kuumiza ngozi kavu. Lakini kuna zaidi. Ndani yake, na kwa wingi zaidi kwenye maganda, kuna kemikali zinazoamshwa na mionzi ya jua. Zikibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, ngozi inaungua kama imemwagiwa maji ya moto, na baada ya kuungua unabaki weusi unaoweza kukaa wiki nyingi hata miezi. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, jua la saa sita halina huruma. Mama mmoja anayeuza nyanya kando ya barabara ya Kisesa alinijia na michirizi meusi miwili kwenye taya, akidhani amerogwa, kwa sababu jana yake hakuwa nayo. Alikuwa anaosha uso kwa asali na ndimu asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na juisi ilimtiririkia taya. Asali ilikuwa haina kosa. Tuliitoa ndimu, akavaa kofia pana, na weusi ulichukua zaidi ya miezi miwili kufifia. Akisikia tena mtu anashauri ndimu "ya kung'arisha", yeye ndiye anayemkatiza sasa.

Upande wa pili wa pH kuna magadi. Watu wanasoma mahali kwamba soda ya kuokea inasafisha uso, na jikoni wanaona magadi ya kuivishia makande, wanadhani ni kitu kimoja. Soda ya kuokea yenyewe iko juu ya 8 na haifai. Magadi ni makali kuliko hiyo. Kama umeshayapaka, osha kwa maji mengi.

Wanaonunua malighafi laini za kutoa povu wanakutana na kosa lingine. Disili glukosaidi inasifiwa kuwa ni ya upole, na ni kweli, lakini inatoka kiwandani ikiwa na pH ya 11 hadi 12. Ukiichanganya na maji na gliserini ukaishia hapo, umetengeneza kitu cha kuchonyota. Nunua karatasi za kupimia pH. Yeyusha gramu 10 za asidi ya sitriki kwenye gramu 90 za maji, tia tone kwa tone, koroga, pima, hadi ufike 5 au 5.5. Usikadirie kwa macho.

Alovera ya uani nayo huumiza ikitayarishwa haraka. Ukikata jani, linatoa utomvu wa njano mchungu. Huo ndio unaowasha. Lisimamishe jani ndani ya kikombe kwa dakika 15 au zaidi utomvu umalizike, lioshe, ondoa ganda lote, ndipo uchukue ute mweupe. Na ute huo ni maji: hauhifadhiki.

Karafuu, mdalasini, mchaichai na mafuta mengine ya kunukia sitii kabisa kwenye kitu cha ngozi kavu ya mtu mzima. Harufu ni nzuri, nakubali, lakini ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio kwa urahisi, na mzio ukishaanza hauondoki hata ukipunguza kiasi.

Neno moja kwa wenye ngozi nyeusi. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwetu wekundu hauonekani vizuri. Tafuta joto ukigusa kwa mgongo wa mkono, tafuta kuwasha, tafuta mahali palipogeuka kuwa peusi zaidi au pa kijivu. Na kila kisafishaji kipya kijaribiwe kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7, kabla hakijagusa uso.

"Unabaki na utelezi"

Hapa inabidi kutofautisha. Futa shavu kwa pamba safi baada ya kuosha. Pamba ikitoka safi na ngozi ni laini, huo ni ulinzi, uache. Wengi tumelelewa kuamini uso safi ni ule unaolia ukiupitishia kidole, na kwa ngozi kavu mlio huo ni dalili mbaya. Pamba ikitoka na mafuta ya njano au masizi, basi kisafishaji hakijaondoka.

Kwa mafuta ya kuoshea, sababu kubwa ni kukosa kitu cha kuyafanya yachanganyike na maji. Alizeti gramu 85 na polisobeti 80 gramu 15 yanageuka maziwa ukiyagusisha maji na yanaondoka. Bila polisobeti utategemea kitaulo chenye uvuguvugu, na si vibaya, ila kitaulo kifuliwe na kuanikwa juani kila siku. Mafuta ya nyonyo ni mazito sana. Yakizidi sehemu moja kati ya kumi yanang'ang'ania.

Kwa wanaotumia sabuni, maji nayo yana mchango. Maji yanayotoka ziwani ni laini, sabuni inatoa povu jingi na kuacha hisia ya kuteleza hata ikiwa imeondoka. Maji ya visima vyenye chumvi ni kinyume: sabuni haitoi povu, inaacha utando mweupe unaoganda kwenye beseni na kwenye ngozi pia. Mtu akihama kutoka nyumba ya bomba kwenda nyumba ya kisima na uso wake ukaanza kukauka, nashuku utando huo kabla ya kitu kingine. Krimu isiyo na sabuni haina tatizo hilo.

"Asubuhi imeganda, mchana maji"

Haijaharibika. Una mafuta ya nazi ndani. Yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na Julai yetu asubuhi iko chini ya hapo, mchana iko juu. Ukitaka isibadilike, badilisha nazi kwa alizeti au ufuta. Siagi ya shea kutoka Uganda ni laini na nzuri, lakini iyeyushwe taratibu na kupozwa haraka, vinginevyo inafanya punje kama mchanga. Punje hizo zinayeyuka kwenye kiganja na hazina madhara.

"Krimu imejitenga"

Maji chini, mafuta juu. Uliza mambo matatu: emalsifaya ilikuwa kiasi gani, joto lilikuwaje, na ulikoroga hadi lini.

Emalsifaya iwe angalau robo ya uzito wa mafuta. Nta ya nyuki haichukui nafasi yake. Inafanya mchanganyiko uwe mzito ukadhani umeshikana, halafu baada ya wiki maji yanachuruzika. Hili linawapata sana wanaopata nta nzuri ya Tabora na kutaka kuitumia kila mahali. Iwe ya mafuta ya midomo.

Joto: bakuli la maji na bakuli la mafuta vyote vifike nyuzi 70 hadi 75 juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ndipo uvichanganye. Bakuli moja likiwa la moto na jingine la baridi, nta inaganda kabla haijafanya kazi. Ukitaka kuhakiki kipimajoto chako kwa maji yanayochemka, kumbuka ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kipimajoto kikisoma 96 ni kizima, usikitupe.

Ukishachanganya, koroga hadi ipoe kufikia joto la mkono. Watu wanachoka dakika ya tatu. Ikijitenga kabla hujatia kihifadhi, irudishe kwenye nyuzi 70 mara moja, ongeza emalsifaya gramu 1 au 2 kwa kila gramu 100, koroga tena. Ikijitenga baada ya wiki kadhaa ikiwa imetumika, itupe, kwa maana safu ya maji iliyojikusanya chini huenda imebaki bila kihifadhi cha kutosha.

"Inanuka", "imeota ukungu", "imevimba"

Hapa sina upole. Chochote chenye maji ndani na hakina kihifadhi ni chakula cha bakteria na ukungu. Kwenye friji kinakaa siku 2 au 3, na umeme ukikatika usiku kucha hesabu hiyo imevunjika. Bafuni hakikai hata siku moja. Bakteria wengine hawaleti harufu wala rangi, kwa hiyo kusema "bado inanukia vizuri" si kipimo. Kisafishaji kinapita karibu na macho, na jicho likipata maambukizi si jambo la kuchezea.

Vitamini E si kihifadhi. Inachelewesha mafuta kuchacha, haizuii bakteria. Asali haiharibiki ikiwa nzito, kwa sababu maji yake ni machache mno kwa vijidudu kuishi. Ukiipunguza kwa maji inaanza kuchachuka, mapovu yanatokea na kifuniko kinavimba. Kwa hiyo asali ichanganywe kiganjani wakati wa kuosha, si kwenye chupa. Sodiamu benzoeti, ile ya juisi, inafanya kazi ikiwa pH iko chini ya 5. Kwenye krimu ya 6 au 7 ni kama hujatia kitu. Fenoksiethanoli haichagui pH hivyo, ila isizidi asilimia 1, na itiwe krimu ikishapoa chini ya nyuzi 40.

Usichemshe upya krimu iliyooza. Itupe, na chupa ioshwe, ikaushwe kabisa, ipanguswe kwa spiriti. Chagua chupa ya kubonyeza. Kopo la kuchovya vidole linachafuka haraka.

Kama huna kihifadhi na hutaki kukitafuta, basi tengeneza kitu kisicho na maji. Saga oti kwenye blenda hadi iwe laini kama unga wa ngano, chukua vijiko vitatu vyake kwa kijiko kimoja cha maziwa ya unga, weka kwenye mtungi mkavu. Usiku weka kijiko kimoja kiganjani, tia maji kidogo, kifanye uji mwepesi, pitisha usoni bila kusugua. Oti inatuliza kuwasha, na mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuorodhesha unga wake laini miongoni mwa vitu vinavyolinda ngozi. Kwangu hiki ndicho kisafishaji cha kwanza ninachompa mtu ambaye ngozi yake imechoshwa na kila kitu. Ukiona madonge, kijiko kilikuwa na maji.

Harufu ya karanga zilizochacha ni jambo jingine: hayo ni mafuta yaliyooza kwa hewa na mwanga. Alizeti inachacha upesi. Yale yanayouzwa kando ya barabara kuu huko Singida kwenye chupa angavu yamekaa juani sijui tangu lini. Nayanunua ya kupikia, ya uso nanunua chupa ndogo kutoka ndani ya duka na kuhamishia kwenye chupa nyeusi. Na nikiulizwa kwa nini alizeti na si mzaituni wenye bei, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha mafuta hayo mawili kwenye ngozi za watu wazima: mzaituni ulidhoofisha ule ukuta wa ngozi, alizeti haikuudhoofisha.

Anayetaka kuuza, ajue vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019 na inabidi visajiliwe. Kwa matumizi ya nyumbani usalama ni juu yako mwenyewe.

"Haitoi povu"

Haitakiwi kutoa.

"Vipele vimetoka"

Vipele vigumu visivyowasha, mashavuni na kidevuni, mara nyingi vinatokana na nazi au siagi ya kakao. Viache viwili hivyo kwa mwezi. Vidogo vya ukubwa mmoja, vinavyowasha, kwenye paji la uso na kuelekea kwenye nywele, vinaweza kuwa vya fangasi wanaokula mafuta, na kila mafuta utakayopaka yatawalisha. Hapo acha mafuta yote na umwone daktari. Kope zikivimba, shuku mzio. Acha kila kitu siku hiyohiyo.

"Nimefuata yote, bado ni kavu"

Kwanza angalia unachofanya baada ya kuosha. Uso ukikauka kwa hewa kabla hujapaka kitu, maji yanaondoka na kuacha ukavu zaidi. Paka mafuta au krimu ya kulainisha ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu. Gliserini tupu, isiyochanganywa, usiipake kwenye upepo wa kiangazi. Hewa ikiwa kavu inavuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe.

Ukavu unaokuja pamoja na uchovu, kuongezeka uzito, kuhisi baridi wakati wengine hawahisi, unaweza kuwa wa tezi ya shingo. Kiu na kukojoa sana kunahitaji kupima sukari. Mabaka yanayowasha na kurudi mahali palepale yanaweza kuwa pumu ya ngozi. Kidonda cha usoni kisichopona kwa mwezi kinatakiwa kuonwa hospitali, na kwa ndugu zetu wenye ualbino kisisubiri hata huo mwezi.

Nimeacha mkorogo (krimu za kujichubua) mwisho kwa sababu wanaoutumia hunieleza mwisho, wakishasimama kuondoka. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini lakini bado vinapatikana, na vingine vina steroidi. Ngozi iliyopakwa vitu hivyo miaka mingi imekuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi, na hakuna kisafishaji kitakachoacha kuichonyota, hata oti. Mama yangu, dada yangu, sitakuuliza kwa nini ulipaka. Chenye zebaki kiachwe leo. Chenye steroidi kikiachwa ghafla uso unaweza kuwaka na kuvimba kuliko mwanzo, kwa hiyo daktari ndiye atakayekupangia namna ya kukipunguza. Huwezi kujua kipi ni kipi kwa kusoma kopo, maana mengi hayaandiki ukweli. Beba makopo yote uliyonayo kwenye mfuko, uende nayo kliniki ya ngozi, na hadi siku hiyo uoshe uso kwa maji ya uvuguvugu peke yake.